Shamba la Wageni Libaki Kuwa Shamba

Wahenga wetu walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wangefufuka leo wangestaajabu kuona kwamba wapo wageni wanaolitaka jembe hilo tangu siku ya kwanza, tena wako radhi kulilipia. Hutoka Nairobi na Mombasa, na wengine ng'ambo. Humwomba mwenyeji awalaze katika nyumba kuukuu iliyokarabatiwa, awape maji ya kuoga katika ndoo, awaonyeshe namna ng'ombe anavyokamuliwa, na jioni awapakulie muthokoi uliopikwa kwa kuni huku taa ndogo ya nguvu za jua ikimulika meza. Asubuhi hushukuru, wakalipa, wakaenda zao.

Nina sababu ya kulizungumza jambo hili. Desemba iliyopita jamaa yetu ilikutana kuamua hatima ya shamba aliloliacha marehemu baba katika vilima vya Machakos. Ni ekari kumi na moja za mteremko, nyumba ya matofali yenye paa la mabati, zizi la ng'ombe, na chemchemi ndogo chini kabisa bondeni. Kwa zaidi ya miaka ishirini hapakulala mtu hapo ila mlinzi. Matuta yalibomoka, vichaka vikaota hadi mlangoni, na mvua ikachimba korongo refu katikati ya konde lililokuwa la mahindi. Ndugu zangu wawili walitaka ardhi hiyo ikatwe viwanja na kuuzwa. Mpwa wangu, kijana msomi anayefanya kazi jijini, akatuomba tusikilize kwanza mpango wake.

Akatandaza mchoro mezani. Nyumba ya babu yake ikarabatiwe iwe mahali pa kulia chakula. Vyumba kumi na viwili vijengwe kuizunguka. Pachimbwe kisima kirefu kwa mtambo, na kando yake kidimbwi cha kuogelea. Shamba zima lizungushiwe ua wa nyaya. Nguvu zote zitoke juani. "Mjomba," akaniambia kwa fahari, "hapa hatutahitaji hata nguzo moja ya stima."

Wazee wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwani afadhali nyumba ya wageni mara mia kuliko viwanja. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naamini linawahusu wengi humu nchini walioachiwa mashamba na wazazi wao ilhali wao wenyewe wanaishi mijini. Shamba likishageuka makao ya wageni, ni nani atakayemfuata mwenzake? Je, idadi ya wageni itafuata uwezo wa shamba, au shamba litakamuliwa hadi litoshe idadi ya wageni?

Msimamo wangu ni kwamba shamba ndilo linalopaswa kuamua. Likishindwa kuamua, basi hilo si shamba tena bali ni hoteli iliyovaa kanzu ya mkulima, na jirani zake watakuwa wa kwanza kulijua hilo.

Nianze na hilo la stima, maana ndilo linalosifiwa mno na ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito mdogo kuliko yote. Ulaya na Marekani mtu anayeishi bila kuunganishwa na gridi ya taifa hutazamwa kama mtetezi wa mazingira, kwa kuwa kwa miaka mingi umeme wa huko umetokana kwa kiasi kikubwa na makaa ya mawe na gesi. Hapa kwetu mambo ni kinyume. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya mito kama Tana, upepo wa kandokando ya Ziwa Turkana, na jua. Anayejitenga na gridi hiyo huenda ana sababu nzuri, kama vile umbali na gharama ya nguzo, lakini asijipige kifua kwamba ameiokoa dunia.

Fauka ya hayo, kukosa stima hakukuwa jambo la kuchagua kwa watu wa vijijini. Kizazi changu kilidurusu vitabu kwa mwanga wa koroboi, na asubuhi tulipopenga kamasi zilitoka nyeusi. Serikali ilipoanzisha mwaka 2015 mpango wa kuwafikishia stima wakazi walio karibu na transfoma kwa malipo ya shilingi 15,000, watu walifurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Mgeni anapokuja kuburudika na giza letu, tusisahau kwamba jirani aliye ng'ambo ya ua angali anangoja nguzo yake.

Hata hivyo sipingi sola. Katika miaka ya 1980 baadhi ya shule za mashambani upande wa Meru zilikuwa miongoni mwa za kwanza humu nchini kuwashiwa taa kwa nguvu za jua, na walimu wa sayansi ndio waliokuwa mstari wa mbele. Ninachosema ni kwamba mitambo hiyo ina nidhamu yake. Taa ya kisasa hutosheka na wati 5 hadi 10, ilhali birika la umeme au pasi huvuta wati 1,000 na zaidi. Mwenyeji asiyethubutu kumwambia mgeni kwamba hapa nguo hazipigwi pasi ya umeme atajikuta ananunua betri mpya kila baada ya muda mfupi, na zile kuukuu, zenye risasi na asidi, atazitupa wapi? Mara nyingi mwisho wa ujasiri wake ni jenereta ya dizeli iliyofichwa nyuma ya zizi.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo penye mzizi wa fitina.

Paa la nyumba ya baba lina ukubwa wa mita za mraba 150 hivi. Kila mwanafunzi anajua, au anapaswa kujua, kwamba milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Tuseme masika ya Machi hadi Mei yalete milimita 300, nasi tupoteze sehemu moja ya tano kwa mifereji inayovuja na maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tutabaki na lita 36,000. Tuchukulie kwamba masalio ya vuli iliyotangulia yametufikisha mwisho wa Mei, hivi kwamba lita hizo zote zimo tangini Juni inapoanza. Tangu hapo hadi mvua ya vuli itulie mwishoni mwa Oktoba ni siku 150 kwa kukadiria. Gawanya, nawe utapata lita 240 kwa siku.

Mgeni aliyezoea bafu la mjini na choo cha kuvuta maji anaweza kutumia lita 120 kwa siku bila hata kutambua. Kwa kipimo hicho shamba letu linawatosha wageni wawili, na wenyeji walale na kiu. Mgeni anayeoga kwa ndoo na kutumia choo kikavu kinachomwagiwa jivu anaweza kutosheka na lita 40, zikiwemo za kumpikia na kumfulia mashuka. Kwa kipimo hicho tunaweza kuishi watu sita. Wenyeji wakiwa wawili, basi wageni ni wanne.

Wanne! Linganisha na mchoro wa mpwa wangu. Vyumba kumi na viwili, watu wawili kila chumba, lita 120 kila mtu, jumla lita 2,880 kwa siku. Tangi lililojaa pomoni lingekauka kabla ya siku ya 13 kwisha, na sijatia tone hata moja katika kidimbwi cha kuogelea. Mwanafunzi mwerevu atanikosoa kwamba vyumba vipya navyo vina mapaa yatakayokinga mvua. Ni kweli. Chumba chenye paa la mita za mraba 20 kitaongeza lita 4,800 kwa masika hayo hayo, yaani lita 32 kwa siku katika kiangazi chote. Hazimtoshi hata yule mgeni mmoja wa ndoo, sembuse wawili watakaolala humo. Kila chumba kinachoongezwa kinaongeza deni.

Na msimu wenyewe ni wa ajabu. Miezi ya Julai na Agosti, ambapo mito yetu ya msimu huwa mchanga mtupu, ndiyo miezi ambayo watalii wa Ulaya huwa likizoni na humiminika nchini kwa wingi. Mgeni na kiu hufika siku moja.

Mpwa wangu alinijibu kwamba ndiyo sababu ameweka kisima kirefu katika mchoro. Nilimkumbusha mambo mawili. Kwanza, katika sehemu nyingi za Ukambani maji ya visima hivyo huwa na chumvi, na hela ya kuchimbia huliwa kabla hujayaonja. Pili, kisima chenye pampu kinachochimbwa juu ya kilima huenda kikapunguza maji ya chemchemi iliyo chini yake. Chemchemi hiyo imo katika hati ya shamba letu, lakini tangu niwe na akili nimewaona akina mama wa kijiji wakiteka humo, na watoto wa shule wakijaza vibuyu, na baadaye mitungi ya plastiki, wakielekea darasani. Katika ule mchoro, njia yao haikuwapo. Ua ulipita juu yake mstari mnyoofu, kana kwamba hapajawahi kupita mtu.

Nilipoiona ile nafasi tupu karatasini nikamkumbuka baba na jinsi shamba lile lilivyopatikana kuwa shamba. Wasomaji wa historia wanajua kwamba mwaka 1937 afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti ya kutisha kuhusu mmomonyoko wa udongo Ukambani. Alieleza vilima vilivyobaki mifupa mitupu. Dawa ya wakoloni ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu, na mwaka 1938 Wakamba kwa maelfu waliandamana hadi Nairobi kupinga wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye barabara moja ya jiji hilo yaitwa kwa jina lake hadi leo. Yeye alihamishiwa Lamu akawekwa kizuizini. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, wakayachukia matuta hayo pamoja na waliowalazimisha.

Kisha yakatokea mambo ambayo hakuna aliyeyatabiri. Baada ya Uhuru watu wale wale walirudi kwenye matuta kwa hiari yao. Walichimba mfereji kufuata usawa wa mteremko na kuutupa udongo upande wa juu, si wa chini, wakapanda nyasi juu ya tuta ili zishike. Miaka ilipopita mteremko uligeuka ngazi. Mtindo huo huitwa "fanya juu", na kwa jina hilo hilo la Kiswahili umo katika vitabu vya kilimo vinavyosomwa katika vyuo vikuu vya mbali ambavyo havina mwalimu hata mmoja wa lugha yetu. (Wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kuchangia msamiati wa sayansi wangejibiwa kwa mfano huu peke yake.) Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu walichoonyesha humo kwamba wakazi wa Machakos walikuwa wameongezeka kutoka chini ya robo milioni katika miaka ya 1930 hadi karibu milioni moja na laki nne ilipofika 1989, ilhali udongo ulikuwa katika hali nzuri kuliko zamani. Wapo wasomi waliosema picha hiyo imepakwa rangi mno, kwamba si kila familia ilinufaika, na nadhani hawakukosea. Lakini matuta yapo, nimeyakanyaga.

Ni nani aliyechimba matuta ya baba? Si baba peke yake. Yalichimbwa na mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu, leo kwako, kesho kwa mwenzako, na mwenye shamba hutoa chakula tu. Nilikuwa mtoto wa kubeba maji siku hizo. Nakumbuka nyimbo za akina mama, nakumbuka hata nani alikuwa mvivu. Kila tuta la shamba lile lina jasho la nyumba ishirini. Wajukuu wa nyumba hizo ndio ambao mchoro unawazungushia nyaya.

Kwa hivyo, tunaposema tunafufua shamba, tunafufua kitu gani? Wengi huanza na nyumba. Hupaka rangi, hununua vitanda vya mbao nzito, hutundika kibuyu na nyungo ukutani, kisha hupiga picha. Mimi ningeanza na korongo. Ningelizibia kwa mawe na magunia ya mchanga, nikayafufua matuta, nikapanda nyasi za malisho na miti inayostahimili ukame, nikaleta ng'ombe wawili ambao samadi yao itarudi kondeni na nyingine iingie katika mtambo wa gesi ya kupikia. Chini, penye mkondo wa msimu, ningewaita majirani tujenge pamoja bwawa la mchanga. Hilo ni jambo ambalo Ukambani umebobea. Hujengwa ukuta imara juu ya mwamba kukatiza mkondo, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga huo. Mchanga unaweza kushika maji kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi, nalo jua haliyafikii kuyakausha. Ukifukua mwezi wa Septemba unayakuta. Bwawa la namna hiyo halijali ua, kwa kuwa manufaa yake huenea chini ya ardhi hadi kwa jirani, na ubovu wake vivyo hivyo.

Kazi hiyo yaweza kuchukua misimu mitatu au minne kabla ya kitanda cha kwanza kununuliwa. Sisemi ni rahisi kwa mwenye mkopo wa benki. Labda ndiyo sababu asiwe na mkopo mkubwa.

Yupo atakayeuliza: mbona nawatia majirani katika mali ya mtu binafsi? Je, mwenye hati si mwenye haki? Ningemwomba aikumbuke Laikipia. Mwaka 2017, katikati ya ukame mkali na joto la kampeni za uchaguzi, wafugaji wenye silaha waliingia katika mashamba makubwa na hifadhi za binafsi. Baadhi ya nyumba za wageni ziliteketezwa, na watu wakapoteza maisha. Siwatetei waliobeba bunduki, wala sitaki kulirahisisha suala lenye mizizi katika ugawaji wa ardhi wa enzi za ukoloni na katika siasa za uchochezi. Ninachokisema ni kwamba nyasi za kijani zikionekana upande mmoja wa ua na mizoga ya ng'ombe upande wa pili, hati ya shamba hugeuka karatasi nyepesi sana.

Huko huko Laikipia kuna mfano wa namna nyingine. Wamaasai wa Il Ngwesi, waliokuwa na ranchi ya pamoja, walifungua mwaka 1996 nyumba ya wageni iliyojengwa kwa miti, mawe na nyasi za hapo hapo, ikitumia nguvu za jua. Mali ni ya jamii yenyewe, na waajiriwa wake ni wanajamii. Mwaka 2002 walitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hali yao si sawa na yetu, maana wao wana maelfu ya ekari na wanyama wa porini, sisi tuna mteremko na chemchemi. Hata hivyo somo la umiliki linatuhusu. Mgeni anayelala pale hahitaji kuelezwa kwamba "tunasaidia jamii", kwa kuwa jamii ndiyo iliyomkaribisha.

Neno hilo la kusaidia jamii linanikera, nakiri. Kila mwenye nyumba ya wageni siku hizi ana picha ya watoto wa shule wakipokea madaftari. Madaftari ni mazuri, lakini ni zawadi, na zawadi hutolewa mwaka huu ikasahaulika mwaka ujao. Afadhali makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi mbele ya wazee: njia ya chemchemi ibaki wazi, mayai, maziwa, asali na mboga zisizopatikana shambani zinunuliwe kijijini kwanza kwa bei ya soko, vijana wa hapo wafunzwe ufundi wa sola na kupewa kazi hiyo, na kiasi fulani cha pato la kila usiku kiende kwenye bwawa la mchanga. Jirani akishakuwa na haki, hahitaji fadhila.

Kuhusu kulinda kilimo kisimezwe na wageni, Waitaliano walilitambua tatizo hilo kitambo. Vijiji vyao vilikuwa vimehamwa, nyumba za mawe zikabaki magofu, nao wakaona kwamba wageni wangeweza kuwasaidia wakulima wadogo kubaki mashambani. Lakini waliogopa kwamba wenye mahoteli wangejiita wakulima. Sheria yao ya mwaka 1985, na ile iliyochukua mahali pake mwaka 2006, inamtaka anayepokea wageni awe mkulima, kilimo kiwe ndiyo kazi kuu, na wageni walazwe katika majengo yaliyokuwapo tayari shambani. Sheria ya 2006 inakubali kwamba kilimo bado ndicho kikuu endapo wageni hawazidi kumi. Kumi, katika nchi yenye mvua na mito kuliko Machakos! Hapa kwetu mtu anaweza kubandika neno "shamba" kwenye bango la hoteli yenye vitanda mia na asiulizwe ana miche mingapi ya kunde. Wanaotunga kanuni za utalii katika kaunti zetu wangefanya vyema kulifikiria jambo hilo kabla halijawa mazoea.

Atakayedhani nayasema haya kwa sababu ya mapenzi ya kizamani na jembe, na aukumbuke mwaka 2020. Machi mwaka huo safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa kwa ajili ya korona, na hazikurejea hadi Agosti. Aliyekuwa na vyumba tu alifunga milango na kuwaachisha kazi watu wake. Aliyekuwa na ng'ombe, maharagwe na miembe alipata hasara, lakini alikula, na wafanyakazi wake walikula.

Kwenu walimu nina ombi dogo. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi watende, si kukariri tu, nanyi mnalalamika, kwa haki, kwamba hamna mahali pa kutendea. Shamba la namna hii ni darasa tayari. Mpeni mwanafunzi utepe wa kupimia na kipimamvua, apime paa la shule yenu, apige hesabu niliyoipiga hapo juu, kisha aseme shule inaweza kuwanywesha wanafunzi wangapi hadi Oktoba. Nashuku kwamba majibu yatawashtua baadhi ya wakuu wa shule waliokwisha kununua matangi madogo. Na mwenye shamba anayepokea wageni wa kulipa awapokee pia wanafunzi bila malipo siku za katikati ya wiki, ambapo vitanda vyake aghalabu huwa vitupu.

Nirudi kwa mpwa wangu. Sikumkatiza tamaa, wala sikutaka, kwani yeye ndiye kijana pekee katika jamaa yetu aliyetamani kurudi. Nilimpelekea hesabu zangu kwa barua. Alikaa kimya wiki tatu, kisha akanipigia simu. Kidimbwi amekifuta. Vyumba kumi na viwili vimekuwa vitatu, viwili vikiwa ndani ya nyumba ya baba na kimoja katika ghala la zamani. Kuhusu kisima hatujaafikiana, na ua ungali katika mchoro, ingawa safari hii una lango. Lango litafungwa saa ngapi na ufunguo ataushika nani, hakusema.

Tumepatana kukutana huko shambani mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli. Nimemwomba aje usiku wa kuamkia Jumamosi, alale hapo, na saa kumi na moja alfajiri ashuke nami bondeni na ndoo yake, apange foleni na akina mama, ahesabu dakika ndoo inazochukua kujaa. Amekubali. Ameuliza tu kama atahitaji viatu maalumu.